Makazi, Kambi na Darasa: Istilahi za Elimu ya Wakimbizi katika Kibondo na Kasulu

Waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 walipelekwa kwenye makazi. Waliovuka mpaka uleule mwaka 1993 walipelekwa kwenye kambi. Msomaji asiyejishughulisha na istilahi aweza kudhani kwamba haya ni majina mawili ya kitu kimoja, na kwamba uchaguzi wake ulitegemea kalamu ya karani tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Neno lilipobadilika, shule nayo ilibadilika: lugha ya kufundishia, hesabu ya madarasa, jina la cheti, na hata maana ya kumfundisha mtu mzima kusoma. Nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika wilaya za Kibondo na Kasulu, ni mahali ambapo mabadiliko hayo yanaonekana wazi kabisa. Na istilahi za Kiswahili zilizotumika huko, nyingi zikiwa zimeundwa kwa ajili ya mfumo mmoja tu wa elimu, zililazimika kubeba mifumo mitatu kwa pamoja.

Makazi yatokana na kukaa. Kambi ni neno la wasafiri na la askari: msafara hupiga kambi jioni ili uivunje asubuhi, na jeshi hupiga kambi huku likijua kwamba litahama. Hakuna apigaye makazi. Kwa hiyo, kabla mtoto hajafungua daftari lake, neno limekwisha kumweleza kama yupo nyumbani au yupo njiani.

Shule inayowafuata wenyewe

Wazo la kwamba shule yaweza kuifuata familia nje ya nchi yake halikuanza kwa wakimbizi. Lilianza, kwa namna iliyo dhahiri zaidi, kwa wanajeshi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani na ya Uingereza yaliyobaki Ujerumani yaliruhusiwa kuleta wake na watoto, na katika miaka ya 1946 na 1947 zikafunguliwa huko shule kwa ajili ya watoto hao. Mtoto alikaa Ujerumani, lakini darasa lake lilikuwa la kwao: lugha ileile, vitabu vilevile, hesabu ileile ya miaka. Baba alipohamishwa kituo, mtoto aliendelea pale alipoishia. Askari mwenyewe naye aliwekewa masomo ya watu wazima ili siku atakapovua sare asiwe mtu wa kuanza upya.

Tanzania nayo iliyaona mambo ya namna hiyo katika ardhi yake. FRELIMO ilikuwa na Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam tangu 1963, kisha ikawa na shule Bagamoyo na Tunduru. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilianza chuo chake huko Mazimbu, Morogoro, mwaka 1978, kikakipa jina la Solomon Mahlangu. Nyingi zilikuwa familia za wapiganaji na za wanaharakati, na shule zao zilikusudia waziwazi kulea raia wa nchi ambayo bado haijapatikana. Mtaala wao uliandikwa na chama, nacho chama kilijua kinataka nini.

Linganisha sasa na hali ya Kibondo na Kasulu. Mtoto wa askari ana dola nyuma yake. Mtoto wa mpigania uhuru alikuwa na chama. Mtoto wa mkimbizi wa Burundi au wa Kongo alipaswa kusomeshwa kwa mtaala wa nchi ambayo wazazi wake wameikimbia, na cheti chake kingekuwa na thamani endapo tu nchi hiyohiyo ingekubali kukitambua. Hapo ndipo ugumu wote wa istilahi ulipozaliwa, kwa sababu kila jina la darasa au la hati lilikuwa ni ombi linalopelekwa kwa msomaji aliye ng'ambo ya mpaka.

Neno lililovuka kabla ya mpaka

Yapasa tukumbuke kwamba neno shule lenyewe halikuingia sehemu hizi kwa Kiingereza wala kwa Kifaransa. Lilitoka katika Kijerumani, wakati Tanganyika, Ruanda na Urundi zilipokuwa chini ya utawala mmoja. Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, watu walichukua neno la Kiingereza wakasema skuli, na wanasema hivyo hata leo. Upande wa bara tulibaki na shule, na Kirundi kikabaki na ishure. Vivyo hivyo kitabu kikawa igitabu, na kalamu ikawa ikaramu. Majeshi ya Ubelgiji yalipoteka Kigoma na Tabora mwaka 1916, na baadaye, mwaka 1921, yaliporudi nyuma na kuiacha Kigoma kwa Waingereza, maneno hayo yalikuwa yamekwisha kukaa pande zote mbili.

Kutoka hapo njia ziliachana. Mtoto wa upande wa Tanganyika aliandika katika daftari, neno tulilolipata kwa Waarabu. Mwenziwe wa upande wa Burundi aliandika katika ikayi, neno la Kifaransa, na Mswahili wa Kongo ya mashariki naye akasema kaye. Lakini Giha na Kirundi ni lugha ndugu kiasi kwamba Muha wa Muhambwe na Mrundi wa Ruyigi husikilizana bila mkalimani. Jambo hili ni la kuzingatia sana. Katika Kibondo ya miaka ya 1990 palikuwa na watoto wawili, kilomita chache kati yao, ambao nyumbani walisema karibu lugha moja. Mmoja alikwenda shule ya kijiji akafundishwa kwa Kiswahili, na mwingine alikwenda shule ya kambi ambako njia ya kupanda madarasa ilikuwa Kifaransa. Mto haukuwatenganisha, wala kabila. Walitenganishwa na istilahi.

Miaka ya makazi

Wakimbizi wa 1972 hawakuachwa Kigoma. Wengi walisafirishwa hadi Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora na Katumba karibu na Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya 1970 yakaongezwa makazi ya Mishamo. Walipewa ardhi, wakalima, na kufikia 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa Serikali. Watoto wao waliingia katika shule za mtaala wa Tanzania na wakafundishwa kwa Kiswahili kama watoto wengine wote. Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa 1977 viliwakuta wakiwa ndani ya hesabu.

Mwaka huohuo wa 1972, Waha wenyewe walikuwa wakihamishwa kwa Operesheni Kigoma kuingia katika vijiji vya ujamaa. Nalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi tunasimulia habari za wakimbizi kana kwamba waliowazunguka walikuwa wametulia kwao tangu zamani. Mwanakijiji wa Kasulu aliyepangiwa kiwanja kipya na mkimbizi aliyepangiwa shamba Katumba walikuwa wakijifunza maneno mapya kwa wakati mmoja, na maneno yenyewe yalikuwa mamoja: kijiji, balozi wa nyumba kumi, kisomo, zahanati.

Katika miaka ya makazi, basi, istilahi haikuleta shida. Palikuwa na darasa moja, kidato kimoja, cheti kimoja. Na matokeo yake yalionekana baada ya miaka mingi. Wakimbizi hao walipoulizwa mwaka 2007 kama wanataka kurejea Burundi au kuomba uraia, wengi sana walichagua uraia, na zaidi ya watu 160,000 wakapewa uraia wa tajinisi, hati zao zikianza kugawiwa mwaka 2014. Sidai kwamba shule peke yake ndiyo iliyowafanya wachague hivyo. Ardhi ilikuwa na nguvu kuliko shule. Lakini kizazi kilichosoma kwa Kiswahili kutoka darasa la kwanza hadi la saba kilikuwa kimekwisha kujibu nusu ya swali kabla halijaulizwa.

Kambi na mtaala wa nchi ya asili

Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Katika Kibondo zilifunguliwa kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago, pamoja na Mkugwa iliyopokea watu wa mataifa mchanganyiko. Katika Kasulu zilikuwapo Mtabila na Muyovosi, na mwaka 1996, vita vilipozuka upande wa Kongo, ikafunguliwa Nyarugusu, na baadaye Lugufu upande wa Kigoma. Safari hii nia haikuwa kuwapa watu ardhi. Ilikuwa ni kuwahifadhi mpaka watakaporejea, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali.

Elimu ikafuata nia hiyo. Ilisemwa kwamba mtoto afundishwe kwa ajili ya kurejea, kwa mtaala wa nchi ya asili: Mrundi kwa Kirundi kisha Kifaransa, Mkongo kwa Kifaransa, kwa msaada wa Kiswahili cha kwao. Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003 iliuthibitisha utaratibu huo. Hata hivyo, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliitaja haki ya mtoto mkimbizi ya kupata elimu ya msingi kwa kuielekeza kwenye Sheria ya Elimu ya Taifa ya 1978, yaani kwenye elimu ya msingi ya Tanzania. Sheria ilisema neno la makazi. Utekelezaji ukafuata neno la kambi.

Tulitazame kwanza neno mtaala, ambalo wengine huliandika mtalaa. Lina umbo zuri na limekubalika. Tatizo liko katika ile sehemu ya pili, nchi ya asili. Kwa mtu mzima aliyevuka mpaka akiwa na miaka 30, asili ina maana iliyo wazi. Kwa mtoto aliyezaliwa Mtabila mwaka 1996, akaanza shule Mtabila, akafika darasa la mwisho Mtabila, asili yake ni ipi? Nchi ya wazazi ingekuwa istilahi ya kweli zaidi. Lakini asili ilipendwa kwa sababu ilifunga mjadala.

Walimu walikuwa wakimbizi wenyewe, baadhi yao waliosomea kazi hiyo kwao na wengine waliojifunza wakiwa kazini. Hawakulipwa mshahara, walipewa posho. Neno hili nalo lina historia yake. Zamani posho ilikuwa chakula cha siku alichopimiwa mpagazi au askari safarini. Baadaye ikawa fedha ya kujikimu anayopewa mtumishi aliye nje ya kituo chake. Katika kambi, posho ikarudi karibu na maana yake ya kwanza: malipo ya mtu ambaye bado yuko njiani. Mwalimu aliyefundisha miaka kumi kwa posho, alipokwenda kuomba kazi kwao, alikuta kwamba kwa lugha ya ofisi hajawahi kuajiriwa.

Darasa la saba ni la ngapi?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Katika Tanzania, kwa kipindi chote tunachokizungumzia, mtu akisema amemaliza darasa la saba, kila msikilizaji alielewa kwamba amemaliza shule ya msingi. Yafuatayo ni kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha cha tano na cha sita. (Kidato, kwa wasiojua, ni ile ngazi inayochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi aweke mguu, sijui istilahi nyingi za elimu zilizochaguliwa kwa ufasaha kuliko hii.) Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeamua elimu ya msingi iwe ya miaka 6, na kwa hiyo maana ya darasa la saba itabadilika kwetu pia, lakini hilo ni la baadaye.

Katika Burundi ya 1993 shule ya msingi ilikuwa ya miaka 6. Mwaka wa saba ulikuwa mwaka wa kwanza wa elimu ya juu ya msingi, na hesabu iliendelea bila kukatika hadi mwaka wa kumi. Kwa hiyo Mrundi aliyesema kwa Kiswahili kwamba yuko darasa la saba alikuwa amevuka mtihani ambao Mtanzania wa darasa la saba alikuwa bado hajaufanya. Mkongo alikuwa na miaka 6 ya msingi na miaka 6 ya sekondari, na hesabu ya sekondari ilianza upya kutoka moja. Mtu akisema ni wa mwaka wa sita, yapasa umwulize: wa msingi au wa sekondari? Majibu mawili hayo yametofautiana kwa miaka sita ya maisha.

Watu watatu waweza kukaa benchi moja katika ofisi moja ya Kasulu, wakasema maneno yaleyale matatu, darasa la sita, wakamaanisha vitu vitatu: mmoja hajamaliza shule ya msingi, wa pili ameimaliza, wa tatu amefikia mwisho wa sekondari. Kiswahili chao wote ni sahihi. Karani anayeandika fomu naye hana kosa. Kosa liko katika kudhani kwamba neno la kuhesabia halihitaji kufafanuliwa kwa kuwa ni la kuhesabia.

Mambo yalizidi kutatanisha baada ya 2013, Burundi ilipoanza kuibadili shule yake ikaunda elimu ya miaka 9 mfululizo, ambayo jina lake la Kifaransa maana yake halisi ni shule ya msingi. Tangu zamani sisi tumelitumia jina hilo, shule ya msingi, kwa shule ya miaka 7. Mwaka 2015, ghasia za kisiasa zilipowaleta Warundi tena, wakapokelewa Nyarugusu, kisha Nduta ikafunguliwa upya mwishoni mwa mwaka huo na Mtendeli mwanzoni mwa 2016, wakimbizi hao walikuja na shule ya msingi isiyokuwa ile ya kaka zao wa 1993 wala ile ya wenyeji wao. Mfasiri aliyefasiri neno kwa neno alikuwa mwaminifu kwa kamusi na akampotosha msomaji. Maoni yangu ni kwamba katika hati zote zinazovuka mpaka idadi ya miaka iandikwe pamoja na jina: shule ya msingi ya miaka 9, shule ya msingi ya miaka 7. Si istilahi ya kupendeza, lakini haidanganyi.

Kuna mfano mwingine ulio mzito zaidi. Mwanafunzi wa Kongo anapofaulu mtihani wa mwisho wa sekondari hupewa hati ambayo kwa Kifaransa huitwa diploma ya dola. Katika Kiswahili sanifu diploma imepewa jina la stashahada, na stashahada kwetu ni hati ya masomo ya baada ya sekondari. Iko chini ya shahada na juu ya astashahada. Mfasiri anayeandika stashahada ya taifa amempandisha kijana huyo miaka kadhaa ambayo hakuisoma. Mfasiri mwingine, akiogopa kosa hilo, huandika cheti cha sekondari, na hapo msomaji wa Tanzania hufikiri ni kidato cha nne, kwa hiyo kijana ameshushwa. Jina lililo karibu na ukweli ni hati ya kuhitimu sekondari ya juu. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nchi za nje, na wenye kazi hiyo hutazama masomo na miaka, hawatazami jina tu. Lakini si kila mwajiri hupeleka cheti kulinganishwa. Wengi husoma tafsiri, na tafsiri huwa ndiyo hukumu.

Kisomo kwa mtu mzima

Juu ya elimu ya watu wazima, istilahi zetu zilikwisha kukomaa kabla ya kambi kuwapo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mikoa ya Ziwa Victoria, mradi uliosaidiwa na UNESCO kati ya 1968 na 1972 ulitupa maneno kisomo chenye manufaa. Kisomo ni neno la kale lililotumika hasa kwa kusoma kwa ibada; kampeni ililichukua ikalipa kazi ya dunia, na mwenye kujifunza akaitwa mwanakisomo. Vitabu vya kwanza vya mradi huo vilihusu pamba, ndizi, uvuvi na mifugo, kwa maana mtu alijifunza herufi na kazi yake kwa pamoja. Ndiyo maana ya manufaa. Baadaye zikafuata kampeni za redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na wa 1977 ukaonyesha asilimia 27.

Istilahi hiyo ikiletwa katika Nduta au Nyarugusu, pamba iko wapi? Mtu asiye na shamba, asiyevuka kilomita 4, anayekula kwa mgawo, hawezi kufundishwa kusoma kwa njia ya zao analolima. Manufaa ya kisomo katika kambi yalikuwa mengine kabisa, na naona hayakuwa madogo: kusoma kadi ya mgawo, kusoma tangazo lililobandikwa juu ya siku ya kuandikishwa, kulitafuta jina lako katika orodha, kuandika barua kwa ndugu aliyebaki, kutia saini fomu ya kurejea kwa hiari ukiwa unajua ulichokitia saini. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Maneno kwa hiari hayana maana kamili kwa mtu anayeweka dole gumba chini ya karatasi asiyoweza kuisoma.

Palikuwa pia na suala la lugha. Mama wa Kirundi aliyepitia Yaga Mukama, ile shule ya Kanisa Katoliki ya kufundisha katekisimu na kusoma, alikwisha kujua herufi kwa Kirundi. Akiandikwa katika orodha ya darasa la kisomo cha Kiswahili huitwa asiyejua kusoma. Kwa hakika anajua. Asichojua ni Kiswahili. Kiswahili chetu hakina budi kutofautisha mambo haya mawili, kwani mjinga wa kusoma, kama tulivyozoea kusema enzi za kampeni, si jina linalomstahili mtu anayesoma Zaburi kwa lugha yake.

Kwa Wakongo hali ilikuwa tofauti. Wengi wa Nyarugusu walitoka Fizi na Uvira, na Kiswahili walikuja nacho, ingawa si hiki cha vitabu. Wao husema batoto pale tunaposema watoto, na mtu aendaye shule waweza kumsikia akisema anakwenda masomo. Mwalimu wa kisomo aliyeyasahihisha maneno hayo kana kwamba ni makosa alipoteza wanafunzi kwa bure. Usanifu wa lugha ni kazi yetu sote tunaoandika katika kurasa hizi, lakini mwanakisomo wa wiki ya kwanza aachwe asome neno analolisema.

Baadaye lugha ya tatu ikaingia. Katika miaka ya 2010, Wakongo wengi walipoanza kupelekwa Marekani, Kiingereza kikawa kisomo chenye manufaa kuliko vyote. Na ofisi zilipotafuta jina la mpango huo wa kuhamia nchi ya tatu, neno lililowajia wengi lilikuwa makazi mapya. Lile neno la 1972 lilirudi, safari hii likiwa ng'ambo ya bahari.

Wanaorejea

Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, urejeaji ulianza kwa wingi kuanzia 2002. Kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, na Mtabila ikafungwa Desemba 2012. Mtoto aliyesoma Kifaransa cha darasani tu, pasipo kukisikia sokoni wala kisimani, alifika Burundi akiwa na Kiswahili chepesi na Kifaransa kizito. Katikati ya miaka hiyo ya 2000 Burundi iliingiza Kiswahili na Kiingereza katika shule zake za msingi, na tarehe 1 Julai 2007 ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo nayo ikajiunga mwaka 2022. Kile ambacho mtaala wa nchi ya asili ulikiona kama lugha ya pembeni, kikawa somo lenye alama.

Kirundi kina kitenzi ambacho Kiswahili kingepaswa kukionea wivu. Kukimbilia ugenini ni guhunga, na mkimbizi ni impunzi. Kurudi kutoka huko ni guhunguka, kitenzi kilekile kikiwa kimegeuzwa kwa kiambishi tunachokijua sisi pia katika funga na funguka, ziba na zibuka. Waliorudi huitwa abahungutse. Sisi hatuwezi kukigeuza kimbia kwa namna hiyo. Katika taarifa za Kiswahili mtu huyo ameandikwa mrejeaji, aliyerudishwa, na mara nyingi zaidi mkimbizi aliyerejea. Kati ya majina hayo napendekeza la kwanza, kwa sababu la pili linamnyima hiari yake, na la tatu linamwandika mkimbizi katika daftari la shule ya kwao, mbele ya wenzake, hata baada ya kufika.